Mlima nao uhesabiwe: shajara ya mradi wa mazoezi kwa watoto wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, Bukavu

Wiki ya maandalizi

Wameletwa watoto 12 wa miaka 6 hadi 14, kutoka Kadutu, Ibanda na Bagira, komini tatu za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kabla ya zoezi lolote tumeomba vitu vitatu: ekografi ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) isiyozidi miezi sita, karatasi ya upasuaji kwa aliyepasuliwa, na dawa zenyewe ndani ya mfuko. Majina ya dawa kwenye kikaratasi hayatoshi, maana kidonge kinachokatwa robo badala ya nusu hakionekani kwenye kikaratasi.

Mmoja amerudishwa siku hiyohiyo. Valvu (kilango cha moyo) yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, hakuzaliwa nayo hivyo, na anachohitaji kwanza ni sindano yake ya penisilini isiyokosa kila wiki 3 au 4.

Waliobaki 11 tumewagawa kwa rangi. Kijani ni mtoto ambaye tundu kati ya vyumba vya moyo, au mfereji uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, umezibwa vizuri, hakuna kinachovuja, presha ya mishipa ya mapafu ni ya kawaida na mapigo yanakwenda kwa mpangilio. Njano ni aliyerekebishwa lakini kukabaki kitu: tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo zinazokuja pamoja) yenye valvu ya mapafu inayovuja, mzunguko wa Fontan (damu ya mwilini imeelekezwa moja kwa moja mapafuni), valvu iliyobana kiasi. Nyekundu ni mwenye presha kubwa kwenye mishipa ya mapafu, aliyewahi kuzimia akikimbia, mwenye mapigo yanayovurugika, mwenye valvu ya aota iliyobana sana, au ambaye moyo umechoka hadi miguu inavimba. Nyekundu haingii mazoezini. Anarudishwa kwa daktari wa moyo.

Tumepata kijani 3, njano 6, nyekundu 2.

Watoto wa kijani hawahitaji mradi huu. Wanahitaji barua ya shule. Inauma kuona mtoto aliyezibwa tundu miaka mitatu iliyopita, ekografi yake safi, bado anawekwa kwenye benchi saa ya michezo akichunga masweta ya wenzake. Barua tuliyowapa ina mistari minne tu: «Mtoto huyu alipasuliwa moyo na amepona. Aruhusiwe kukimbia, kuruka na kucheza mpira pamoja na wenzake. Akisema amechoka, aachwe apumzike bila kuulizwa mara mbili. Akianguka na kuzimia, asibebwe kwa moto (pikipiki) peke yake. Pigeni namba hii.» Tuliandika kwanza «mazoezi ya kiasi» na tukafuta. Mwalimu akisoma «ya kiasi» huelewa «yasiwepo».

Zoezi la dharura tumelifanya kabla mtoto yeyote hajapanda hata kibao. Mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa mbili za ukubwa wa watoto, mtungi wa oksijeni uliopimwa (mashine ya kutengeneza oksijeni inategemea umeme, haifai kuwa ya kwanza), na kazi za watu watatu zilizogawanywa kwa majina: wa kifua, wa hewa, wa simu na mlango. Kwa mtoto, waokoaji wawili hukandamiza mara 15 kwa pumzi 2. Aliye peke yake, 30 kwa 2. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina ni theluthi moja ya unene wa kifua. Tumegundua ufunguo wa geti la gari uko kwa mlinzi ambaye saa sita huenda kula. Sasa kuna ufunguo wa pili umening'inizwa juu ya mtungi.

Wiki ya 1: baraza, chupa na kibao

Kipimo cha kutembea dakika 6 kinataka njia tambarare ya mita 30 iliyonyooka. Katika mji huu, mita 30 za tambarare zenye paa ni kitu adimu. Tumepata baraza la mita 22. Tukaacha mita moja kila upande ya kugeukia, ikabaki mita 20. Njia fupi ina migeuko mingi, na kila mgeuko unakula umbali, kwa hiyo namba zetu hazilinganishwi na za mahali penye mita 30. Zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe: baraza lilelile mwanzoni na mwishoni, alama zilezile. Alama ni chupa mbili za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga, na utepe sakafuni kila mita 2 ili kusoma mahali mguu ulipoishia.

Maneno ya kumtia moyo mtoto yameandikwa na hayabadiliki: «Unaenda vizuri, zimebaki dakika 5», kisha 4, mpaka mwisho. Anayeshangiliwa hutembea zaidi ya asiyeshangiliwa. Jumamosi ndugu wa mtoto mmoja walijipanga ukutani wakapiga makofi. Kipimo hicho tumekifuta na kukirudia. Na mtoto hutembea, hakimbii. Wadogo hili ni gumu kwao, wakikaribia chupa huanza kuruka, basi mtu mmoja hutembea hatua mbili nyuma yao, kamwe si mbele, asije akawavuta kwa mwendo wake.

Kipimo kinafanywa mara mbili siku moja, kwa mapumziko ya saa nzima katikati, na tunachukua kilicho bora. Sababu ni hii: msichana mmoja wa miaka 9 alitembea mita 380 mara ya kwanza na 412 mara ya pili, bila zoezi lolote katikati. Mita hizo 32 ni za kuizoea njia. Kama tungepima mara moja tu, mwisho wa mradi tungezihesabu kama faida ya mazoezi, nayo isingekuwa kweli.

Kipimo cha pili ni kibao cha kupandia, cha siku za mvua: kimo sentimita 15, dakika 3, mapando 30 kwa dakika. Mdundo wa simu uwekwe 120, kwa sababu pando moja ni mienendo minne: juu, juu, chini, chini. Ukiuweka 60, mtoto anafanya nusu ya kazi na karatasi haitaonyesha kosa. Kibao cha kwanza kililetwa kikiwa na sentimita 17. Fundi alipima miguu akasahau unene wa ubao wa juu. Sentimita 2 ni kitu kidogo machoni, lakini kwa mapando 90 mtoto anapanda mita 15.3 badala ya 13.5. Kimekatwa. Chini tumepiga vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, maana sakafu ya simenti ikiwa na unyevu kibao kinateleza kuelekea nyuma, upande uleule mtoto anaposhukia.

Wiki ya 2: oksimeta

Karibu nusu ya namba za wiki ya kwanza za oksimeta, kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, hazifai. Asubuhi za mvua vidole vya watoto ni baridi na damu haifiki vizuri ncha ya kidole, hasa kwa aliyetembea bila sweta. Kifaa kikakosa mapigo, kikaonyesha 84, kisha 97, kisha mistari mitupu. Sasa utaratibu ni: mikono isuguliwe mpaka ipate joto, kifaa kiwekwe kwanza kwenye kidole cha mhudumu kuona kama betri ina nguvu, kisha kwa mtoto, mkono juu ya paja bila kutikisika, na kusubiri mpaka wimbi la mapigo kwenye kioo lisimame sawa kwa sekunde 15. Vile vifaa vidogo visivyoonyesha wimbi tumeviweka kando. Bila wimbi huwezi kujua kama namba ni ya damu au ya mtikisiko.

Mtoto akiwa anatembea hatusomi. Tunasoma anaposimama, na tunaandika namba ya chini kabisa ndani ya dakika ya kwanza, kwa kuwa kwa wengine oksijeni huendelea kushuka kidogo baada ya mguu kusimama.

Mambo mawili ambayo kila anayeshika kifaa hapa ajue. La kwanza: kwenye ngozi nyeusi oksimeta huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli, na chini ya 80 haiaminiki sana kwa ngozi yoyote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta upungufu wa oksijeni uliofichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya wazungu. Watoto wetu wote ni weusi. Kwa hiyo 91 hatuisomi kama 91 ya uhakika. Tunatazama pia ulimi, midomo na namna anavyopumua. La pili: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Nguvu ya oksijeni inayovutwa hapa ni kama 124, wakati pwani ni 150, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mtoto aliyepasuliwa mji wa bondeni akarudi na karatasi iliyoandikwa 98, hapa akikaa anaweza kuwa 95 au 96 bila kuharibika kitu. Baba mmoja alikuwa tayari kumrudisha safari nzima kwa ajili ya tofauti hiyo.

Wiki ya 3: kipimo cha nguvu ya zoezi

Hesabu ya kutoa umri kutoka 220 haifai kwa watoto, na kwa waliopasuliwa moyo ni mbaya zaidi: wengi mapigo yao hayapandi kama ya wenzao, na wanaokunywa propranolol yanazuiwa na dawa yenyewe. Ukimlazimisha mtoto huyo afikie 150 utamchosha kupita kiasi kabla hajaifikia.

Kwa hiyo tunatumia vitu viwili. Picha za 0 hadi 10 za mtoto anayepanda ngazi, tulizochora wenyewe ili ngazi zifanane na za huku: kwenye 0 amekaa chini, kwenye 4 mdomo umefunguka kidogo, kwenye 10 ameshika magoti. Lengo ni 4 hadi 6. Na kuhesabu kwa sauti: baada ya kila mzunguko mtoto ahesabu moja mpaka kumi. Akifika kumi kwa pumzi moja bila shida, kazi ni nyepesi. Akivuta pumzi mara moja katikati, ndipo tunapopataka. Akikata baada ya kila namba mbili, tunapunguza papo hapo. Swali la «uko sawa?» tumelifuta, kwa sababu kila mtoto hujibu ndiyo, anaogopa kutolewa kwenye mchezo.

Mapigo yakihesabiwa kwa mkono, tuanze ndani ya sekunde 5 baada ya kusimama. Moyo wa mtoto hutulia haraka. Kuhesabu kwa sekunde 15 mara 4 ni bora kuliko 10 mara 6, ambapo kosa la pigo moja linakuwa mapigo 6.

Kikao chenyewe ni mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, zote asubuhi baada ya kuona kwamba mvua ya alasiri inafuta nusu ya vikao. Wiki 12 kwa mara mbili ndio mpango uliotumika Boston kwa watoto wenye kasoro nzito za moyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, na 15 kati ya 16 walioumaliza waliongeza uwezo. Kule vikao vilikuwa vya saa nzima. Sisi tulianza na dakika 50, na hapo ndipo tulipokosea.

Wiki ya 4: kosa letu kubwa

Jumatano mvulana wa miaka 11 mwenye Fallot iliyorekebishwa alimaliza kikao vizuri: picha namba 5, oksijeni 94, mapigo yameshuka. Jioni mama yake alipiga simu. Kijana alifika nyumbani midomo imekauka, akalala bila kula, na kesho yake hakwenda shule. Wengine wawili, tulipouliza, walikuwa hivyohivyo kila baada ya kikao. Hakuna aliyekuwa amesema.

Tulimfuata Jumamosi mpaka nyumbani. Kutoka anaposhukia gari hadi mlangoni kwao Kadutu kuna ngazi 214 za udongo na mawe, na kipande cha njia cha mita kama 160 kisicho na ngazi, mwinuko wake karibu 15 kwa 100. Anakipanda kwa mwendo wa watoto wenzake. Pale kwenye kona ya tatu, penye bomba la maji, alichuchumaa, mikono imezunguka magoti, macho yakitazama chini, akakaa hivyo kiasi cha pumzi ishirini, kisha akainuka akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla ya upasuaji alikuwa akichuchumaa hivyo kila siku; ndivyo watoto wa Fallot wanavyojiokoa, maana kukunja miguu kunaongeza ukinzani wa damu kuelekea mwilini na hivyo damu nyingi zaidi inapelekwa mapafuni. Sasa moyo umerekebishwa, lakini ni mara ya kwanza baada ya miaka miwili mama yake anaona akifanya hivyo. Tumempeleka kwa daktari wa moyo, ekografi haikubadilika. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na sisi ndio tuliomchosha.

Hesabu yake ni rahisi na tulipaswa kuifanya wiki ya kwanza. Kutembea mita 50 kwa dakika kwenye tambarare kunahitaji takriban mililita 8.5 za oksijeni kwa kilo kwa dakika. Mwendo uleule kwenye mwinuko wa 15 kwa 100 unahitaji 22. Hiyo ni fomula ya watu wazima. Mtoto hutumia zaidi kwa kila kilo. Mtoto ambaye uwezo wake wote ni 28 au 30 anakuwa amebanwa karibu na kilele chake, peke yake, bila oksimeta, na akiwa amekwishafanya mazoezi dakika 50. Kikao chetu kilikuwa chepesi kuliko njia ya kurudi nyumbani.

Ukipunguza mwendo hadi mita 30 kwa dakika kwenye mwinuko uleule, 22 inashuka hadi kama 14.6. Mlima haubadiliki, kinachobadilika ni mwendo.

Wiki ya 5: daftari la mlima

Vikao vimesimama wiki nzima. Badala yake kila mtoto wa njano amesindikizwa nyumbani mara moja na daftari lake limeandikwa: idadi ya ngazi, vipande vyenye mwinuko, mahali pa kukaa (jiwe, kizingiti cha duka, bomba), anachobeba, na mara ngapi kwa siku anapanda. Wawili wanaoishi karibu na ziwa hawana mlima wa maana. Mmoja wa Bagira ana mlima mrefu lakini taratibu. Wanne kati ya sita shule iko juu au chini ya nyumbani, maana yake mlima wanaupanda hata siku isiyo ya kikao.

Mpango mpya: kikao dakika 25 kwa wenye mlima, 45 kwa wasio nao. Baadaye nusu saa ya kukaa, maji na kikombe cha uji. Njia ya kupanda inafundishwa kama zoezi: ngazi 20, simama, pumzi tatu za kutoa taratibu kwa midomo iliyokunjwa, ngazi 20 tena. Kwa yule kijana wa ngazi 214 hiyo ni vituo kumi, vitano kati yake penye mahali pa kukaa. Begi la shule anabebewa na mkubwa wake kwa mwezi wa kwanza. Kila wiki mbili, kama picha haizidi 5 kileleni na asubuhi anaamka vizuri, tunaongeza ngazi 5 kati ya vituo.

Ni kweli mpango huu unategemea nyumbani kuliko sisi. Lakini mtoto anapanda mlima ule mara kumi na mbili kwa wiki na kutuona sisi mara mbili.

Jambo moja limebadilika pia upande wa vipimo: anayefika kwetu amepanda kutoka barabarani hapimwi baada ya dakika 10 kama utaratibu wa kawaida unavyosema. Tulikuta mapigo 128 anapoingia, 112 baada ya dakika 10, 92 baada ya 25. Sasa tunasubiri mpaka vipimo viwili vilivyoachana dakika 5 visitofautiane zaidi ya mapigo 5.

Wiki ya 6: dawa na tumbo

Mama wawili walikuwa wanaruka furosemide (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo) siku ya kikao kwa sababu mtoto huomba kukojoa ndani ya gari. Tumekubaliana na daktari dawa hiyo itolewe mara tu wanapofika, choo kipo. Anayekunywa captopril (dawa inayoshusha presha) hainuki ghafla kutoka sakafuni. Anapitia kupiga goti kwanza.

Anayekunywa propranolol haanzi bila kula. Dawa hiyo kwa mtoto mwenye njaa inaweza kushusha sukari, na kutetemeka na mapigo ya haraka ya kumtahadharisha hayaonekani vizuri. Chakula ni saa moja hadi moja na nusu kabla. Uji au bugali kidogo na sambaza (samaki wadogo wa ziwa), siyo chai tupu. Kwa aliyewekewa valvu ya chuma na anakunywa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), sombe (majani ya muhogo) haikatazwi, ila isiwe nyingi wiki hii na kukosekana ijayo, kwa ajili ya vitamini K ya majani, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Na mpira wa kugombania hapana, akipigwa kichwa damu haitakata upesi.

Wiki ya 7: homa

Watoto watatu wamekosa kwa malaria. Kanuni: siku 3 kamili bila homa, hemoglobini irudiwe, kisha kurudi kwa nusu ya kipimo. Kwa mtoto ambaye bado ana midomo ya bluu, hemoglobini ya 12 ambayo kwa mwingine ni nzuri, kwake inaweza kuwa upungufu, kwa kuwa mwili wake unahitaji damu nyingi zaidi kubeba oksijeni kidogo iliyopo. Na huyohuyo akiharisha au kukosa maji, damu inakuwa nzito na inaweza kuganda kichwani. Maji kwanza.

Homa ambayo kipimo cha malaria kinaikataa, kwa mtoto mwenye kiraka au valvu ndani ya moyo, isitibiwe kwa kubahatisha nyumbani. Damu ichukuliwe ya kuoteshwa kabla ya antibiotiki yoyote, kwa hofu ya maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Ukianza antibiotiki kwanza, kijidudu huenda kisionekane tena. Meno yaliyooza ndiyo mlango mmojawapo. Tumeongeza mswaki kwenye mfuko wa kila mtoto.

Wiki ya 8: nguvu za miguu, na bidoni

Tumeanza mazoezi ya misuli. Kukaa na kuinuka kwenye kigoda, mara 10, raundi 2. Kusukuma ukuta, mara 10. Kuinuka kwa vidole vya miguu, mara 15. Kuvuta ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa upana wa sentimita 4. Mtoto anahesabu kwa sauti kila mara anaposukuma. Anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndiko tunakokuogopa: kifua kikikazwa, damu hairudi moyoni vizuri.

Kwa wawili wenye Fontan hili ni nusu ya tiba. Kwao damu inayotoka mwilini inakwenda mapafuni bila chumba cha moyo kuisukuma. Inasukumwa na misuli ya miguu na kuvutwa na pumzi. Miguu yenye nguvu kwao ni kama pampu ya pili. Kwa sababu hiyohiyo hawasimami ghafla mwisho wa kikao. Mmoja alipoitwa na simu ya mama yake akasimama wima katikati ya mzunguko, ndani ya sekunde kumi uso ukawa wa majivu. Alilazwa, miguu juu ya kigoda, akarudi sawa. Dakika 8 za kutembea taratibu mwishoni hazikatwi kwa sababu yoyote, hata mvua ikianza.

Bidoni, yaani dumu la maji. Wanne kati ya sita wanachota maji. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto mwenyewe ana kilo 26. Kuibeba mlimani ni kukaza misuli na kubana pumzi kwa pamoja. Kusema «asichote» hakusaidii nyumba ambayo kila mtu anachota. Tulichokubaliana: kidumu cha lita 5 kijazwe nusu, kibebwe mgongoni kwa kitambaa mikono ikiwa huru, na vituo vilevile vya ngazi 20. Kwa aliyefunguliwa kifua bado hajamaliza wiki 8, hapana kabisa. Mfupa wa kifua haujashika. Huyo pia asiinuliwe kwa makwapa, na kwenye moto akae kati ya dereva na mama, siyo mbele kwenye tangi ambako kifua kinagonga usukani.

Wiki ya 9

Zoezi la dharura limerudiwa bila kutangazwa. Kutoka kuanguka hadi pumzi ya kwanza ya mfuko: sekunde 70 mara ya kwanza, 35 mara ya tatu. Barakoa ndogo ilikuwa imewekwa chini ya kubwa. Imefungwa sasa kwa kamba nyekundu.

Wiki ya 10: wazazi

Swali ni lilelile tangu mwanzo: «Docta, iko na tundu ku moyo, namna gani atakimbia?» Maelezo ya mdomo hayakulijibu. Kilicholijibu ni kumpa mama oksimeta mkononi. Kila mzazi amefanya kikao kimoja akiwa ndiye anayesoma namba, kuonyesha picha na kuamua mtoto asimame au aendelee. Mama mmoja alimsimamisha binti yake mara sita ndani ya dakika 25. Wiki iliyofuata, mara mbili. Na mara zote mbili alikuwa sahihi. Hatukumwambia lolote katikati. Ugumu uko kwetu, kujizuia kusema.

Tumewafundisha pia dalili za kusimamisha hapohapo: maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kukimbia bila kazi, midomo kubadilika rangi, oksijeni kushuka pointi zaidi ya 10 chini ya yake ya kawaida. Na ambazo si za kuogopa: jasho, uso mwekundu au wenye joto, kuhema kunakotulia ndani ya dakika 3, miguu kuuma kesho yake.

Wiki ya 12: kupima tena

Baraza lilelile, chupa zilezile, mtu yuleyule anayesoma maneno. Wanne wamepimwa. Msichana wa mita 412 ametembea 448, kwa picha namba 4 badala ya 6. Punguzo hilo la picha tunalithamini kuliko mita 36, kwani linaonyesha kazi ileile inamgharimu kidogo. Mmoja hakuongeza chochote: alikosa vikao saba kati ya ishirini na mbili, na daftari lake la mlima lilikuwa tupu tangu wiki ya 8 baada ya familia kuhama. Nyumba mpya ina mlima mpya na hakuna aliyeuandika. Ataanza upya kwa kusindikizwa.

Yule kijana wa Kadutu sasa anapanda ngazi 35 kati ya vituo. Pale kwenye bomba anasimama, hachuchumai.

Wawili bado hawajapimwa. Njia yao imekatwa na maporomoko ya udongo na kuzunguka kunaongeza mlima mwingine kabla ya kufika. Hatutawapima wakiwa wamechoka kwa njia hiyo. Watapimwa njia ikifunguliwa, na katikati wanaendelea na kibao nyumbani: fundi amekata vibao viwili zaidi, vyote vimepimwa kwa mita, sentimita 15 kutoka sakafuni hadi juu ya ubao.